Somo la 9: Kiungulia, Moto Unaopanda Kifuani

Kusudi la somo: Kufahamu kwa nini moto unapanda kifuani baada ya kula, namna ya kuutuliza nyumbani, na dalili zinazotupasa kukimbilia lopitalo.

Mfundishaji atafute chupa moja ya plastiki yenye maji. Ataitumia katika sehemu ya pili.


1. MWALIMU ALIYEFIKIRI AMEPEWA SUMU

Tuanze na mfano. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kivu alisumbuka miezi minane. Kila usiku alipolala, moto ulitoka chini ya kifua ukapanda mpaka kooni. Maji machungu yalimjaa kinywani. Asubuhi sauti yake ilikuwa imekauka, hata wanafunzi wa nyuma hawakumsikia.

Watu wakamwambia: "Hiyo ni karuho. Kuna mtu amekutilia sumu." Mwalimu akakumbuka kwamba moto ulianza juma moja baada ya karamu ya arusi nyumbani kwa shemeji yake. Tangu siku ile hakukanyaga tena mlango wa shemeji. Watoto wa nyumba zile mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Halafu mwalimu akaenda kwa mtu anayetapisha sumu. Alikunywa dawa chungu, akatapika siku tatu. Alilipa mbuzi wawili na mshahara wa mwezi mmoja. Moto haukupungua, ulizidi.

Mwishowe mke wake akamleta lopitalo. Munganga hakuanza na dawa. Alianza na maulizo.

— Mwalimu, chakula kikubwa unakula saa ngapi?

— Usiku, Munganga. Mchana niko shuleni. Nikimaliza kusahihisha madaftari ya watoto, ndipo ninakula. Ni saa tatu ao saa tatu na nusu.

— Na unalala saa ngapi?

— Palepale. Nimechoka.

— Unakula nini?

— Bugali na sombe yenye mawese. Na pilipili. Bila pilipili sishibi.

— Mchana moto unakuja?

— Kidogo tu. Lakini nikiinama kufunga viatu, unapanda.

— Na ile siku ya arusi, shemeji alikula nini?

— Alikula pamoja nami. Tulikuwa sahani moja.

Munganga akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mlitia mikono katika sahani moja, naye ni mzima. Mimi sioni sumu hapa. Naona mlango usiofunga vizuri. Kaa, nikueleze."

Na sisi tukae, tusikie maelezo yale. Tutarudi kwa mwalimu mwisho wa somo.


2. CHAKULA KINAPITA NJIA GANI?

Tukimeza chakula, kinashuka katika mrija wa nyama laini unaoitwa umio. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu sentimeta 25. Umio unapita nyuma ya moyo. Ndiyo sababu ukiungua, watu husema, "Moyo unaniwaka," ingawa moyo wenyewe hauna kitu. Kisha unapita katika tundu la kiwambo, yaani ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, ukafika katika mfuko wa chakula.

Ndani ya mfuko huo mna maji makali yanayoitwa asidi. Ni makali kupita maji ya ndimu. Usifikiri asidi ni adui. Inasaidia kuyeyusha nyama na maharagi, nayo inaua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula na maji. Mfuko wa chakula umefunikwa ndani na ute mzito, kwa hiyo asidi haiuchomi. Lakini umio hauna kinga ya namna hiyo. Asidi ikifika katika umio, inachoma.

Basi, nini kinachozuia asidi isipande? Mahali umio unapokutana na mfuko wa chakula pana mlango. Ni msuli wa mviringo, kama mdomo wa gunia unaokazwa kwa kamba. Chakula kikija, unafunguka. Kikiisha kupita, unakaza. Mlango huu ukilegea, ao ukifunguka wakati usiopasa, asidi inarudi juu. Hicho ndicho kiungulia.

Sasa mfundishaji achukue ile chupa.

Kwanza, atie maji nusu, aache mdomo wazi, aisimamishe mezani. Maji yanakaa.

Pili, ailaze. Maji yanamwagika.

Tatu, aisimamishe tena na kuijaza mpaka mdomoni, kisha aitikise kidogo. Maji yanamwagika ingawa imesimama.

Nne, aibane katikati kwa mkono. Maji yanaruka juu.

Tano, afunge kizibo vizuri, halafu ailaze. Hata tone halitoki.

Mfuko wako wa chakula ni kama chupa hii. Asidi hupanda kwa sababu nne: umeulaza ungali na chakula, umeujaza mno, umeubana, ao kizibo chake kimelegea. Ukishika mambo haya manne, umeshika somo lote.


3. NI NINI KINACHOLEGEZA NA KUBANA?

Pombe hulegeza mlango, iwe kasiksi, iwe bia, iwe ile kali inayochemshwa vijijini. Tumbako pia hulegeza. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na mlango huchelewa kukaza.

Unene wa tumbo hubana mfuko wa chakula usiku na mchana. Mimba hubana vilevile. Mishipi ya wanaume na vikwembe vya wanawake vilivyokazwa sana kiunoni hubana. Mama anayekula, kisha mara moja anainama na jembe ao kuinua mzigo mzito, anaubana mfuko wake kama mkono ulivyobana chupa.

Watu wengine wana tundu pana katika kiwambo, na sehemu ya mfuko wa chakula hupanda kifuani. Kwa hao mlango hauwezi kukaza vema. Hilo si kosa lao.

Dawa fulani za shindikizo la damu nazo huweza kulegeza mlango. Ukiwa unazitumia, usiziache mwenyewe. Mwambie munganga, naye ataangalia kama zinaweza kubadilishwa.

Na pilipili, na kahawa, na nyanya, na machungwa? Hayo hayamdhuru kila mtu. Mmoja hunywa kahawa akalala vema, mwingine hunywa nusu kikombe akakesha. Kila mtu ajipime. Acha kitu kimoja kwa majuma mawili. Ukiona moto umepungua, umeupata mkosaji. Usipoona tofauti, kirudishe, ujaribu kingine. Hakuna faida ya kumkataza mgonjwa vyakula kumi kwa siku moja, mpaka anabaki na uji tu na kukonda.


4. DALILI ZA KIUNGULIA

Dalili kubwa ni mbili: moto nyuma ya mfupa wa kifua, na maji machungu ao makali yanayorudi kinywani. Huja zaidi baada ya kula, ukiinama, ao ukilala. Wengine huwa na dalili nyingine vilevile: kikohozi kikavu cha usiku, sauti inayokauka asubuhi, kikohozi cha pumu kinachozidi, ao meno yanayolika.

Karibu kila mtu hupata kiungulia siku moja moja, hasa baada ya sikukuu. Hiyo si ugonjwa. Lakini kikija mara mbili ao zaidi kwa juma, kwa majuma mengi, hapo ni ugonjwa unaotaka kutunzwa. Usipotunzwa, asidi hufanya vidonda katika umio. Vidonda vikipona huacha kovu, na kovu huweza kukaza njia mpaka chakula kinakwama. Baada ya miaka mingi ngozi ya ndani ya umio huweza kubadilika, na kwa watu wachache kansa huanzia hapo. Hatusemi hivi kukutisha. Wengi hawafiki huko. Tunasema ili usizoee moto huu kama mtu anayezoea moshi wa jikoni.

Jambo moja zaidi juu ya umio: usinywe chai ao uji wa moto mkali sana. Mwaka 2016 shirika la uchunguzi wa kansa la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto uliopita digrii 65 yaelekea huleta kansa ya umio. Ngoja dakika chache, kikombe kipoe kidogo.


5. SI SUMU, NA SI KIDONDA CHA TUMBO

Sasa tuseme wazi juu ya neno linaloharibu jamaa nyingi katika inchi yetu.

Mtu akisikia moto tumboni na kifuani, akakonda kidogo kwa kuogopa kula, majirani husema: karuho. Kisha hutafutwa mkosaji. Hupatikana upesi, kwa maana kila mtu amekula mahali fulani, na kila jamaa ina ugomvi fulani. Mke wa ndugu, mjane wa jirani, shemeji, mama mkwe, hao ndio wanaoonyeshwa kidole. Mwenye kiungulia huumia kifuani, lakini anayeshitakiwa bure huumia zaidi, na dawa ya duka haiwezi kumponya.

Ufahamu mambo haya. Moto unaokuja na kwenda kwa miezi mingi, unaozidi ukilala, unaopungua ukisimama ao ukitafuna kidonge cha kutuliza asidi, ni kiungulia. Sumu haijui kama umelala ao umesimama.

Tena, fikiri dawa ya kutapisha inafanya nini. Kiungulia ni asidi inayopanda katika umio. Kutapika ni kuipandisha yote kwa nguvu. Kwa hiyo kila siku ya kutapishwa ni siku ya kumwaga moto juu ya kidonda. Kutapika kwa nguvu kunaweza kupasua umio mpaka damu itoke. Na majani mengine makali hudhuru ini na figo.

Kama kweli mtu amemeza kitu kibaya, kwa mfano dawa ya wadudu ao mafuta ya taa, ugonjwa huja upesi, katika dakika ao saa chache. Huyo usimtapishe. Mpeleke lopitalo mbio, pamoja na chupa ya kile alichomeza.

Vilevile, tusichanganye kiungulia na kidonda cha tumbo. Kidonda huuma chini ya kifua, mahali pa kitovu cha moyo, na mara nyingi huuma mtu akiwa na njaa ao usiku wa manane. Zamani watu walifikiri kwamba vidonda hivi huletwa na mawazo mengi tu. Lakini waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vingi huletwa na kijidudu kinachoishi katika mfuko wa chakula. Mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe ili kuhakikisha, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Kijidudu hiki kina dawa yake: namna mbili za dawa za kuua vijidudu, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 hata 14. Lakini dawa hizo si za kiungulia. Usizinunue kwa kubahatisha. Munganga akupime kwanza. Vidonda vingine huletwa na vidonge vya maumivu, ginsi tutakavyoona.


6. KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Rudi kwa ile chupa, utaona kila amri hapa chini inatoka kwake.

(a) Usilaze chupa yenye chakula. Kula chakula cha jioni saa tatu nzima kabla ya kulala. Ukilala saa tatu ya usiku, uwe umemaliza kula saa kumi na mbili. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na haina bei.

(b) Usijaze chupa. Tunajua kwamba jamaa nyingi hupika mara moja tu kwa siku, jioni, watu wakitoka shambani ao sokoni. Hatusemi mnunue chakula kingine. Tunasema mgawanye kilekile. Weka sehemu ya bugali ao viazi, ifunikwe vizuri, ipashwe moto sana asubuhi iliwe. Tumbo lipate kidogo mara mbili ao tatu, lisipate mlima mmoja usiku.

(c) Inua upande wa kichwa wa kitanda. Weka tofali ao vipande vya mti chini ya miguu miwili ya kitanda ya upande wa kichwa, mpaka iinuke sentimeta 15 hata 20. Angalia kwamba kitanda hakitikisiki. Mito mingi chini ya kichwa haitoshi, kwa sababu inakunja mwili katikati na kulibana tumbo. Mwenye kulala chini kwa mkeka aweke ubao ao udongo ulioshindiliwa chini ya mkeka, kuanzia kiunoni, upande wa kichwa uwe juu.

(d) Lala kwa ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo, mlango unakaa juu ya maji. Ukilala kwa ubavu wa kuume, maji yanakaa juu ya mlango. Jaribu usiku huu huu.

(e) Usibane chupa. Legeza mshipi na kikwembe. Baada ya kula usiiname na jembe, wala usibebe mzigo mara moja. Fanya kwanza kazi ya kukaa ao kutembea polepole. Mnene apunguze unene. Hata kilo chache zikitoka, wengi huona tofauti.

(f) Linda kizibo. Acha tumbako. Acha pombe. Punguza mafuta katika sombe. Si lazima mawese yaelee juu ndipo sombe iwe tamu.

Neno kwa washiriki wa kanisa. Wengine hufunga kula mchana wote, kisha usiku hula chakula kingi kwa mara moja na kulala. Mwenye kiungulia afungue kwa chakula kidogo, akae wima muda, ndipo ale tena kidogo. Na katika makesha, chai nzito na mikate ya mafuta saa sita ya usiku, kisha kulala kwenye benchi, ni njia ya hakika ya kuamka na moto. Mwenye ugonjwa huu anywe maji ya vuguvugu, akae wima.


7. DAWA

Vidonge vya kutafuna, vyenye aluminiamu na manyeziamu, huzimisha asidi iliyopo. Hufanya kazi katika dakika chache, lakini kwa muda mfupi. Ni vizuri kwa moto wa siku moja moja.

Omeprazoli haizimishi, bali hupunguza asidi inayotengenezwa. Kwa kawaida mtu mzima hupewa miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, kwa majuma 4 hata 8. Meza kidonge kizima, usitafune. Usivunjike moyo siku ya pili. Nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa. Wengi huinywa baada ya kula, wakati wa maumivu tu, kisha husema dawa ni mbaya. Dawa si mbaya. Saa ndiyo mbaya.

Ukimaliza majuma uliyopewa, moto unaweza kurudi kidogo kwa siku chache, kisha kutulia. Usikimbilie duka kununua nyingine na nyingine kwa miaka. Rudi kwa munganga. Wengine wanahitaji kuendelea, lakini kwa kipimo kidogo, naye atawaangalia.

Kuna sababu kubwa ya kusema hivi katika inchi yetu. Tumekwisha kusema kwamba asidi ni askari anayeua vijidudu. Mtu anayetumia omeprazoli amempunguza askari huyo, kwa hiyo kijidudu cha kipindupindu humwingia kwa urahisi zaidi. Kipindupindu hakitoki kando ya maziwa yetu, na watu wa Goma hawajasahau mwaka 1994. Basi, ukiwa unatumia dawa hii, chemsha maji ya kunywa ao uyatie dawa, nawa mikono kwa sabuni, usile chakula kilicholala bila kukipasha moto sana.

Ranitidini ilitumiwa na wengi zamani. Mwaka 2020 iliondolewa katika maduka ya Marekani na Ulaya, kwa sababu ndani yake kulionekana uchafu unaoweza kuleta kansa. Ukiwa na mabaki yake nyumbani, usitumie.

Dawa zinazodhuru. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hudhuru tumbo na kuongeza moto. Usizinywe kwa kila maumivu ya mgongo. Kwa mwenye kiungulia, parasetamoli ni afadhali. Lakini kama munganga amekupa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza. Doksisiklini ikikwama katika umio huchoma kama kaa la moto. Imeze ukiwa wima, kwa gilasi nzima ya maji, usilale kwa muda wa nusu saa ao zaidi.

Mambo ya desturi. Maziwa hutuliza kwa dakika chache, kisha tumbo hutengeneza asidi zaidi. Magadi na soda ya kupikia huzimisha moto, lakini zina chumvi ya kudhuru mwenye shindikizo la damu. Udongo mweupe wa sokoni, ambao akina mama hula wakati wa mimba, huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayoongeza damu, na udongo mwingine una uchafu ndani yake.


8. MAMA MWENYE MIMBA NA MTOTO MCHANGA

Kiungulia ni cha kawaida katika mimba, hasa miezi ya mwisho. Hakionyeshi kwamba mama amerogwa. Mtoto anabana mfuko wa chakula, na mlango umelegea kwa muda. Mama ale kidogo kidogo, alale kwa ubavu wa kushoto, ainue kitanda. Dawa za kutafuna zipo zinazofaa, lakini aulize kwanza kwenye kipimo cha mimba. Kwa wengi moto huisha mtoto akizaliwa. Lakini maumivu ya juu ya tumbo pamoja na kuumwa kichwa sana, macho kuona giza, ao uso kuvimba, hayo si kiungulia. Ni hatari ya shindikizo la mimba. Aje siku ileile.

Mtoto mchanga akicheua maziwa kidogo, naye ananyonya vizuri na kuongeza uzito, si mgonjwa. Mlango wake haujakomaa bado. Mshike wima muda baada ya kunyonya. Usimwachishe ziwa, usimpe dawa za watu wazima. Na ile amri ya kuinua kitanda si ya mtoto mchanga. Yeye alale chali, mahali pa sawasawa, bila mto. Lakini akitapika kijani ao damu, akitapika kwa nguvu kila mara, ao akikosa kuongeza uzito, mlete.


9. DALILI ZA HATARI

Ukiona moja ya hizi, usingoje, usijaribu dawa za nyumbani:

Chakula kinakwama ao kumeza kunauma.

Unatapika damu, ao kitu kama unga wa kahawa.

Choo ni cheusi kama lami, nacho kinanuka sana.

Unakonda bila kutaka, ao damu imepungua.

Unatapika kila siku.

Moto ulianza ukiwa umepita miaka 50, nawe hukuujua zamani.

Umemaliza dawa sawasawa, lakini hukupata nafuu.

Katika hali hizi munganga anaweza kukupeleka kwenye lopitalo kubwa, mahali wanapoingiza kinywani mrija mwembamba wenye taa ili waone umio na tumbo. Haipendezi, lakini ni ya dakika chache, na inaonyesha ukweli.

Tena: maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo, yanayokwenda mkononi ao katika taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hasa ukipanda mlima ao kufanya kazi, yaweza kuwa ugonjwa wa moyo. Usiyaite kiungulia. Nenda lopitalo saa ileile.


10. MWISHO WA HABARI YA MWALIMU

Mwalimu alirudi nyumbani na omeprazoli ya majuma 8 na tofali mbili. Mke wake alianza kupika mapema, naye akasahihisha madaftari baada ya kula, si kabla. Pilipili aliiacha kwa majuma mawili, akaona haikuwa mkosaji, akairudia kidogo. Mawese aliyapunguza. Juma la tatu alilala usiku mzima. Juma la tano wanafunzi wa nyuma walimsikia.

Hakupona kama mtu anayeng'oa jino. Hata sasa akila usiku sana katika karamu, moto humkumbusha. Lakini sasa anaujua, naye anajua la kufanya. Wagonjwa wengi wa kiungulia ni hivyo: ugonjwa haufukuzwi kabisa, unatawaliwa.

Wale mbuzi wawili hawakurudi. Lakini Jumapili moja mwalimu na mke wake walichukua jogoo, wakaenda kwa shemeji. Mwalimu alikaa muda mrefu bila kujua aanze namna gani. Kisha akasema, "Shemeji, nilikudhania vibaya, na sikukuambia. Nisamehe." Shemeji akajibu, "Nilijua. Watoto waliniambia. Nilikuwa ninangoja uje." Wakala pamoja, sahani moja, na jua lilikuwa bado halijatua.

Ndugu unayesoma, kama una moto huu, anza usiku wa leo: kula mapema, inua kitanda, lala kwa ubavu wa kushoto. Na kama umemwonyesha mtu kidole kwa sababu ya moto wako, usingoje dawa imalizike ndipo uende kwake.


MAULIZO

1. Asidi ina kazi gani mbili nzuri katika mfuko wa chakula?

2. Eleza kwa ile chupa sababu nne zinazopandisha asidi.

3. Kwa nini mito mingi haifai badala ya kuinua kitanda?

4. Kutapisha humdhuru mwenye kiungulia namna gani?

5. Omeprazoli hunywewa saa gani, na kwa nini mwenye kuitumia apaswa kuangalia sana maji yake ya kunywa?

6. Taja dalili tano za hatari.

7. Kama jamaa yako hupika mara moja tu kwa siku, mtagawanya chakula namna gani kuanzia kesho?

8. Jirani akikuambia, "Una karuho, fulani amekutilia," utamjibu nini?